Njia ya maporomoko iliyogeuka korongo

Jina la msitu, vijiji na watu wote yameondolewa. Nilikuwa msaidizi wa misitu katika ofisi iliyosimamia eneo hilo tangu ngazi za kwanza zilipojengwa, kwa hiyo baadhi ya makosa ninayoyaeleza hapa ni yangu. Nimekiandika kisa hiki kwa ajili ya wahifadhi, waongoza wageni na kamati za maliasili za vijiji zinazotunza njia za kutembelea ndani ya misitu ya umma.

Eneo lenyewe

Msitu huu uko katika Milima ya Tao la Mashariki, ile safu inayoanzia Taita upande wa Kenya ikashuka kupitia Upare, Usambara, Nguru na Uluguru mpaka Udzungwa. Miteremko inayotazama Bahari ya Hindi hupata mvua nyingi, mahali pengine karibu milimita 2000 kwa mwaka, na nyingi yake huanguka wakati wa masika. Udongo ni mwekundu wenye mfinyanzi. Ukiwa na majani makavu juu yake, hunywa maji kama sifongo. Ukishindiliwa na miguu miaka na miaka, maji huteleza juu yake kama juu ya sakafu.

Njia inaanzia kwenye barabara ya vumbi juu ya mlima, inashuka hadi kwenye maporomoko ya maji, halafu inaendelea mpaka kijiji cha bondeni. Kati ya barabara na maporomoko kuna tofauti ya kimo ya mita 90 hivi. Njia ya zamani iliimaliza tofauti hiyo kwa umbali wa mita 260 tu, yaani ilishuka kama mita 35 katika kila mita 100. Ilikwenda moja kwa moja, vile vile maji yangependa kwenda. Chini ya maporomoko kuna banio, yaani kizuizi kidogo cha kukinga maji yanayoshuka yenyewe bombani kwa mserereko, na mabomba ya kijiji cha bondeni yanalitegemea hilo tu.

Msitu wenyewe ni hifadhi ya mazingira asilia chini ya Sheria ya Misitu ya Tanzania, Na. 14 ya 2002. Kukata mti hakuruhusiwi. Kwa makubaliano na ofisi, wanawake wa kijiji cha juu waliruhusiwa kuokota kuni zilizoanguka zenyewe, siku mbili kwa wiki.

Nani alikuwa anapita pale

Ofisini tulikuwa na kitabu kimoja tu kilichotuambia nani ameingia msituni: kitabu cha stakabadhi za viingilio. Kila mpango tulioufanya kuhusu njia ile ulitoka humo. Tulijua wageni wanaongezeka kuanzia Juni hadi Septemba, tulijua shule huja kwa mabasi mwisho wa muhula, na tulijua watu huja wengi sikukuu za Pasaka, katikati ya masika kabisa.

Kitabu hicho hakikumwandika mama anayepanda kutoka bondeni alfajiri ya siku ya gulio na mkungu wa ndizi kichwani. Hakikuwaandika vijana wa iliki na mdalasini wenye viroba mgongoni, wala waokota kuni, wala wajumbe wa jumuiya ya watumia maji wanaoshuka kulisafisha banio, wala wazee wanaokwenda kwenye maporomoko kwa matambiko yao. Njia ile ilikuwa yao kabla mpaka wa msitu haujawekwa. Sisi tuliikuta, tukaisimika kibao, tukaanza kuiita njia ya watalii.

Ngazi za magogo

Nilipofika, njia ilikuwa imeshachimbika: magotini sehemu nyingi, kiunoni karibu na jiwe kubwa la katikati. Wageni walilalamika. Ofisi ikaamua kujenga ngazi.

Uamuzi ule ulikuwa na sababu zake. Fedha zilikuwepo na zilitakiwa zitumike kabla ya mwaka wa fedha kufungwa tarehe 30 Juni. Magogo ya mkaratusi yalipatikana karibu, kwenye shamba la miti. Ngazi huonekana, mkaguzi akija anaziona na kuzihesabu. Kwa hiyo mwezi Februari tulipanga magogo ndani ya korongo lile lile, tukayashikilia kwa vigingi, tukajaza udongo nyuma yake. Kila baada ya ngazi kadhaa tukalaza gogo moja la mshazari ili maji yakatize yatoke pembeni.

Yangetokea wapi? Kuta za korongo zilikuwa ndefu kuliko gogo. Mvua za kwanza za masika zilipokuja, maji yalizunguka ncha za magogo, yakala udongo wa pembeni, kisha ule tulioujaza nyuma. Kufikia Mei magogo mengi yalikuwa yananing'inia na shimo nyuma ya kila moja. Wabeba mizigo walikuwa wameziacha ngazi mapema zaidi, kwa kuwa kila ngazi ilikuwa na kimo cha sentimita 25 au zaidi. Ukiwa na ngata na mzigo kichwani huwezi kuinua goti hivyo mara 200. Wakapita ukingoni, juu ya korongo, wakakanyaga kangaga na miche, na pembeni ya korongo la kwanza likaanza la pili.

Ajali, na kufunga kusikofunga

Mwezi Juni, asubuhi ya ukungu, mwanafunzi aliyekuja na shule yake aliteleza kwenye gogo lililoota utelezi, mguu ukaingia kwenye shimo nyuma yake, mfupa wa muundi ukavunjika. Hakukuwa na machela kituoni. Vijana wa kijiji waliikata miti miwili, wakafunga blanketi, wakampandisha mtoto kwa zamu. Ilichukua karibu saa mbili kupanda mita 260 zile. Sauti ya yule mtoto kila walipoyumba sijaisahau.

Kesho yake njia ilifungwa kwa amri ya ofisi: kibao, na mti umelazwa mlangoni. Hakuna aliyelaumu, maana mtoto ameumia. Lakini siku ya gulio ilifika vile vile, na ndizi hazisubiri. Mti ulisogezwa siku hiyo hiyo. Tulipourudisha na kuweka mlinzi, watu waliingia msituni mita chache kabla ya mlango. Ndani ya miezi mitatu tulihesabu vipenyo vitatu vipya. Kimoja kilipita juu ya mawe ya kivuli yaliyoota violeti ya Kiafrika, ua ambalo Wasambaa huliita dughulushi, ambalo kwa asili yake halioti kwingine duniani ila katika milima na vilima vya Tanzania na Kenya. Yale mawe tulikuwa tukiwaonyesha wageni kwa fahari. Amri yetu ya kulinda watu ndiyo iliyopeleka miguu juu yake.

Karai la tope

Mvua za vuli zilipoanza, jumuiya ya watumia maji iliomba kikao. Mama mmoja, mjumbe wa jumuiya, alikuja na karai limejaa tope jekundu akaliweka mbele ya meza.

"Bwana Misitu, hili ni la jana peke yake. Mnalinda msitu, tunashukuru. Lakini sisi huu msitu tunaunywa."

Mpaka siku ile nilikuwa nikiyafikiria mabanio na njia kama mambo mawili ya ofisi mbili. Udongo wote uliotoka kwenye korongo, pamoja na ule tuliojaza sisi nyuma ya magogo, ulikuwa umeshuka hadi kwenye kichujio chao.

Halafu akazungumza mzee mkulima wa mboga, mtu wa makinga maji na mifereji. "Mwanangu, njia yenu mmeilaza kama mfereji. Mimi nikitaka maji yafike shambani upesi, hivyo hivyo ndivyo ninavyochimba." Akaeleza kwamba ile fremu A, yaani miti mitatu iliyofungwa kama herufi A na timazi ikining'inia katikati, aliyokuwa akipimia makinga maji ya shamba lake ingeweza kupimia njia pia.

Kikao hakikumalizika kwa kupeana mikono. Wazee wengine walisimama kupinga kuchimba chochote kwa kufuata kontua, yaani mstari wa usawa mmoja ubavuni mwa mlima. Milimani kumbukumbu ya matuta ya lazima ya enzi ya mkoloni bado iko. Uluguru mwaka 1955 kazi hiyo ilizua ghasia. Waliposikia serikali inataka watu wachimbe mlima kwa mstari, walisikia sauti ya zamani. Mhifadhi wetu alilielewa hilo haraka, na nadhani ndio uamuzi bora alioufanya katika kisa kizima: akasema pale pale kwamba hakuna kazi ya kujitolea, kila kipande kitalipwa, na bei ya kipande itapangwa na kikao hicho.

Uamuzi

Tulipima njia tatu za kutokea. Ya kwanza ilikuwa ngazi za saruji. Mchanga ungebebwa kichwani, saruji juu ya mfinyanzi unaovimba na kunywea ingepasuka, na maji yangepata uso laini zaidi wa kukimbilia. Ya pili ilikuwa kufunga kabisa, na tulikuwa tumeshaona kufunga kulivyozaa. Ya tatu ilikuwa kuiacha njia ile na kuchimba nyingine ubavuni mwa mlima.

Kanuni ya wajenzi wa njia za milimani ni rahisi: mwinuko wa njia usizidi nusu ya mwinuko wa mteremko inaoukata, na kwa wastani usipite asilimia 10. Mteremko wetu ulikuwa kama asilimia 40, kwa hiyo popote njia isingezidi 20. Ya zamani ilikuwa 35. Njia inayokaribia mwinuko wa mlima wenyewe haina upande wa kumwagia maji, inayapokea tu.

Tukachagua asilimia 9. Kwa hesabu hiyo mita 90 za kimo zinahitaji kilomita moja ya njia. Mita 260 zigeuke 1000. Hapo mama mwenye kibanda cha ndizi gulioni akauliza swali ambalo lingevunja mpango wote kama asingeuliza: "Nina mkungu kichwani. Nizunguke kilomita nzima ili mgeni asichoke?"

Jibu la kweli lilikuwa hapana. Asingezunguka, na hakuna mlinzi ambaye angeweza kumfanya azunguke. Basi tukaamua ziwe njia mbili. Ya taratibu, ndefu, kwa wageni na wanafunzi. Na ya mkato, ya ngazi za mawe, kwa wabeba mizigo, juu ya mgongo wa mwamba ulio upande wa kushoto wa korongo ambako hakuna udongo wa kubebwa.

Kazi

Kwanza tulifunga vitambaa kwenye miti kufuata mstari. Miguu ya fremu A iliachana mita 2. Ukiweka kipande cha ubao cha sentimita 18 chini ya mguu wa mbele, na timazi ikatulia katikati, umepata asilimia 9. Mzee alimfundisha kijana mmoja kwa asubuhi moja, na kijana ndiye aliyepima sehemu iliyobaki.

Kabla jembe halijapiga, mzee alisisitiza tuutembee mstari mvua ikinyesha. Tulikwenda sita, wenye miavuli na wasio nayo. Kule juu, mlangoni, tuliona jambo ambalo lilikuwa mbele ya macho yetu miaka yote: mtaro wa barabara ulikuwa unamwaga maji yake yote kwenye kichwa cha njia. Mita mia kadhaa za barabara ngumu, upande mzima, zinaishia pale. Mvua ya msituni ilikuwa sehemu ndogo ya yale mafuriko. Magogo, saruji, hata njia mpya, vyote vingeshindwa kama mtaro ule ungebaki. Kuzungumza na wenye barabara kulichukua wiki saba. Kuchimba mdomo mpya wa mtaro, ukielekea kwenye kichaka kinene chenye mawe, kulichukua siku mbili.

Njia ya wageni ilichimbwa ndani ya mlima, kitako chake kikakaa juu ya udongo ambao haujawahi kusogezwa, kikainamia bondeni kidogo ili maji yakatize na kwenda zake. Kila baada ya hatua kumi na tano hadi ishirini tuliacha kibonde: njia inashuka, inapanda kidogo, halafu inaendelea. Mgeni hakioni, maji hayawezi kukipita. Hatukukata mti mnene kuliko kifundo cha mkono. Mstari ulihama badala yake. Zilihitajika kona nne.

Ngazi za mawe zilisimamiwa na wanawake wenyewe. Fundi alianza na kimo cha sentimita 20. Mama wa ndizi akapanda mara tatu akiwa na mzigo, akasema zishushwe. Zikatulia kwenye sentimita 12 hadi 15. Kisha wakadai kitu ambacho hakipo kwenye mwongozo wowote niliousoma: mahali pa kutua. Mtu mwenye mzigo kichwani akiwa peke yake hawezi kuutua chini, maana hatapata wa kumtwika. Wakajengewa vibaraza vitatu vya mawe, usawa wa mabega, ambapo unasogea, unausukuma mzigo ukae juu ya jiwe, unapumzika, unaingiza kichwa tena chini yake. Kwenye kila kibaraza upande mmoja ulishushwa kwa ajili ya wasichana.

Korongo la zamani liliwekewa vizuizi vya mawe kuanzia juu kwenda chini, likajazwa matawi, na kangaga na miche ya pale pale ikahamishiwa ndani. Mdomo wake wa juu tuliuficha kwa gogo kubwa lililooza, majani makavu na miche, mpaka anayepita barabarani hauoni.

Baada ya misimu miwili ya masika

Njia ya wageni imesimama. Kitako chake hakijachimbika popote isipokuwa sehemu moja yenye chemchemi, ambako tulipita wakati wa kiangazi tukadhani ni pakavu. Ngazi za mawe hazijasogea hata moja. Wabeba mizigo wanazitumia, na vipenyo viwili kati ya vile vitatu vimefunikwa. Cha tatu, cha kwenye mawe ya dughulushi, hakipitwi tena, ingawa mawe yaliyokwanguliwa bado ni tupu.

Jumuiya ya maji ilikuwa ikisafisha kichujio karibu kila mvua kubwa ikinyesha. Masika iliyofuata walikisafisha mara chache, na masika ya pili mama yule aliniambia maji hubaki meupe siku nyingi za mvua. Waongoza wageni walilalamika mwanzoni kwamba mzunguko ni mrefu. Baadaye waliona kwamba mgeni asiyehema anauliza maswali, anasimama kumtazama kinyonga, na hulipia tena matembezi ya usiku.

Yaliyoharibika nayo yapo. Vibonde vilijaa udongo kabla ya masika ya pili na hakuna aliyevisafisha, kwa sababu bajeti ilikuwa na fungu la kujenga na haikuwa na fungu la kutunza. Tulivisafisha sisi watatu wa ofisi kwa majembe, usiku unaingia, mvua zikiwa zimeshaanza. Na kona ya tatu imekatwa na watoto wa shule: ukisimama juu yake unaiona sehemu ya chini hatua kumi tu mbele, hakuna mti wala jiwe katikati. Kijikorongo kimeanza.

Uchambuzi

Kosa la kwanza lilikuwa la kuhesabu. Tulimhesabu mwenye stakabadhi peke yake, na kila uamuzi uliofuata uliwasahau walio wengi. Ngazi za sentimita 25 ni kipimo cha mtu mwenye mikono mitupu. Mti uliolazwa mlangoni ni kizuizi kwa mtu ambaye anaweza kurudi nyumbani. Ingetosha mtu mmoja kukaa mlangoni tangu alfajiri kwa wiki moja yenye siku ya gulio, na daftari, tungeokoa mwaka mzima. Sasa tunafanya hivyo kabla ya kugusa njia yoyote.

La pili lilikuwa kutibu kidonda bila kutafuta kinapotoka damu. Nilishuka njia ile mara zisizo na idadi siku za jua. Mvua ikinyesha tulikaa ofisini. Chanzo kikubwa cha maji yaliyoila njia hakikuwa hata ndani ya msitu, na kilionekana ndani ya saa moja tulipokwenda na miavuli. Ningemshauri mhifadhi yeyote asisaini makadirio ya ukarabati wa njia mpaka aliyeyaandika amesimama mlangoni mvua kubwa ikinyesha.

Kilichofanya kazi zaidi, kwa maoni yangu, ni kukubali njia mbili. Wapo wenzetu walioona tumewapendelea wenyeji, au tumeongeza majeraha msituni. Nawaelewa, lakini hesabu iko wazi: tulikuwa na makorongo mawili na vipenyo vitatu, sasa tuna njia mbili zilizotulia. Malipo kwa kipande nayo yalikuwa na uzito kuliko tulivyotarajia. Waliochimba wanaijua kila hatua ya njia, na wanaripoti mti ukianguka kabla sisi hatujajua.

Tulipokosea tena ni kwenye matunzo. Sheria yetu ya misitu inaruhusu mkataba wa usimamizi wa pamoja kati ya serikali na kijiji, na tungeweza kuyaandika matunzo humo tangu mwanzo: nani anasafisha vibonde, mwezi gani, analipwa kutoka fungu lipi la viingilio. Tuliacha mpaka kazi ikaisha na furaha ikapoa. Mazungumzo yanaendelea, jumuiya ya maji imejitolea kukagua vibonde vya chini kila Februari, kwa sababu tope likishuka wao ndio watakaolinywa.

Suala la chemchemi tutalimaliza kwa kupanga mawe makubwa ya kukanyagia, njia ikae juu na maji yapite chini. Kona ya tatu itavunjwa kiangazi hiki. Vitambaa vya mstari mpya vimeshafungwa, na safari hii njia inageukia nyuma ya jiwe kubwa, mahali ambapo ukisimama huwezi kuona unakokwenda.